Kilio cha mchezaji: namna wapenzi wa Mazembe wanavyomkumbuka Mwepu Ilunga

Mtu akifa hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza majirani wanatafuta ni turubai na viti. Kisha kuni na makala, juu ya moto wa inje ambao wanaume watauzunguka usiku kucha, huku wanawake wakilala ndani, chini, karibu na mama mwenye kufiwa. Hayo sisi tunaita kilio. Ndugu zetu wa Kinshasa wanaita matanga. Kila mkaaji wa mji huu anayajua, na hatuna sababu ya kuyaeleza yote hapa. Tunataka kuangalia pembe moja tu ya desturi hiyo, pembe ambayo wazee wa kijiji hawakuijua: kilio cha mchezaji wa mpira.

Kilio hicho kina ajabu yake. Wenye kulia wengi si jamaa ya marehemu. Hawakula naye, hawakuoa kwake, wengine hata hawakumwona kwa macho akicheza. Lakini wanafika, wamevaa nyeusi na nyeupe kama ni watu wa Mazembe, wana ngoma na filimbi, wanaimba nyimbo za stadi katikati ya nyimbo za kanisa. Mara nyingi jamaa inashangaa. Mama mjane anataka sala na utulivu. Hawa wanataka kutaja mabao. Baba wakubwa wanahesabu pesa ya sanduku; hawa wanaomba maiti ipitishwe kwanza ku stadi. Tumeona mabishano ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na mwisho wake karibu siku zote ni kwamba jamaa inakubali, juu inafahamu kwamba mtoto wao alikuwa na ukoo mbili: ule wa damu, na ule wa ekipe.

Kati ya Waluba iko kitu kinachoitwa kasala. Ni maneno ya sifa ambayo mtu mwenye kipawa anayatoa mbele ya watu, hasa siku ya kilio: anamwita marehemu kwa majina yake, ya baba yake, ya babu yake, anataja matendo yao mpaka watu wanatokwa na machozi. Vijana wa leo wengi hawawezi kuimba kasala. Lakini ukae karibu na moto ku kilio cha mchezaji wa zamani, usikie mzee mmoja akipanga ekipe ya mwaka fulani, toka kipa mpaka winga ya kushoto, na baada ya kila jina anatia neno moja: huyu ukuta, huyu upepo, huyu alikuwa akicheka kisha anakupokonya mpira. Sisi tunaona ni kasala ileile, imebadili nguo tu.

Mchezaji ambaye habari yake tunataka kuitumia kama mfano ni Mwepu Ilunga. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, akafa tarehe 8 Mei 2015 kule Kinshasa, kisha ugonjwa wa muda mrefu. Jina Ilunga kwa Mluba si jina la mchezo. Ni jina la wafalme. Ufalme wenyewe wa Waluba unasimuliwa kuanzia kwa Kalala Ilunga. Yeye alibatizwa pia Joseph, lakini alipofika kilele cha mpira wake jina hilo lilikuwa limefutwa. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina kuwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, na mwaka uliofuata, katika siasa ya Mobutu ya kurudia asili, majina ya Kikristo yakaondolewa. Ndiyo maana katika magazeti ya 1974 unaona Mwepu tu. Aliporudi kuitwa Joseph, dunia ilikuwa imekwisha kumtambua kwa jambo jingine, ambalo tutalifikia.

Kwanza tuseme alitoka nyumba gani. Mazembe ilianza mwaka 1939, hapa mjini wakati ulipoitwa Élisabethville, kwa mikono ya mapadri Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface. Ekipe ikaitwa Saint-Georges, ikabadilisha majina, mpaka ikachukua lile la Englebert, ambalo lilikuwa jina la magurudumu ya motokari. Baadaye likaongezwa Tout Puissant, maana yake Mwenye nguvu zote. Watu wa dini wakali hawakupenda, lakini ekipe ilikuwa na haki ya kujivuna. Mwaka 1967 ilitwaa kikombe cha mabingwa wa Afrika: ilitoka 1-1 na Asante Kotoko kule Kumasi, 2-2 ya marudio, na kwa mchezo wa tatu Waghana hawakufika. Mwaka 1968 ikatwaa tena, ikipiga Étoile Filante ya Lomé 5-0, hata kama kwa marudio ilipigwa 4-1. Mwaka 1969 na 1970 ikafika fainali tena, ikapoteza, mara ya kwanza kwa Ismaily ya Misri, mara ya pili kwa Kotoko, ambao walilipa deni lao. Fainali nne miaka minne! Katika nyumba hiyo njo Mwepu alikomalia, beke ya kuume, mtu wa kutoogopa.

Na nyumba hiyo ililisha ekipe ya taifa. Januari 1968, kule Addis Ababa, Kongo ilitwaa Kikombe cha Mataifa kwa kupiga Ghana 1-0, na bao lilikuwa la Kalala Pierre, mtu wa Englebert. Miaka sita baadaye, Machi 1974, kule Misri, Léopards wa Zaire wakatwaa tena. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili, 2-2 halafu 2-0, na mabao yote manne ya Zaire alifunga Ndaye Mulamba wa Vita Club. Ndaye alimaliza mashindano yale na mabao 9. Nyuma yake walikuwa watu wa Lubumbashi: Kazadi golini, Mwepu kuume, Mwanza Mukombo kushoto, Bwanga katikati, yule Bwanga aliyechaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Tunaandika majina haya kwa makusudi. Wanafunzi wetu wanaweza kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa Barcelona bila kupumua, lakini ukiwauliza nani alikuwa nyuma ya Zaire wanaangalia dirisha.

Basi tufike Ujerumani, Juni 1974. Zaire ilikuwa ekipe ya kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Ilikuwa imepiga Morocco 3-0 kule Kinshasa, Desemba 1973, na wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba rais aliwaahidi nyumba na motokari. Tarehe 14 Juni, kule Dortmund, walicheza na Scotland wakapoteza 2-0, na watu wote walikubali kwamba walicheza vizuri. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Wachezaji wakasikia kwamba pesa yao imekwisha kuliwa na wakubwa waliosafiri nao. Wakataka kugoma. Wakabembelezwa, wakatishwa, wakaingia uwanjani tarehe 18 Juni kule Gelsenkirchen na roho iliyokufa. Yugoslavia ikawafunga 9-0.

Mu mchezo ule kulitokea jambo ambalo wapenzi wetu hawapendi kulisema ku kilio, lakini mtu anayeandika historia hawezi kuliruka. Kwa 3-0, kocha Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, alimtoa Kazadi golini, akaingia Tubilandu. Bao la nne likaingia mara moja. Wachezaji wakamzunguka arbitre kwa hasira, na mmoja akampiga teke kwa nyuma. Arbitre akageuka, akamfukuza Ndaye Mulamba. Lakini aliyepiga teke alikuwa Mwepu. Yeye mwenyewe alikubali. Ndaye aliondoka uwanjani akilipa kosa la mwenzake, na kwa hivyo mfungaji mkubwa wa Afrika hakucheza tena Kombe la Dunia. Wazee wa Mazembe ukiwauliza jambo hilo wanasema “ilikuwa vita,” kisha wanamwaga chai. Sisi hatuoni kwamba kulisema kunapunguza heshima ya marehemu. Ku kilio cha zamani wajukuu walikuwa na ruhusa ya kumcheka babu mbele ya maiti yake, kuigiza namna alivyotembea, kukumbusha madeni yake na wanawake wake, na hakuna aliyekasirika. Marehemu aliyesifiwa tu anakuwa picha ya ukutani.

Tarehe 22 Juni ikawa zamu ya Brazili, mabingwa wa dunia. Brazili walihitaji kushinda kwa mabao matatu ili kuwapita Scotland. Walipata matatu kamili. Mchezo ukikaribia mwisho walipewa coup franc karibu na goli letu. Ukuta ukapangwa. Wabrazili wakasimama juu ya mpira wakishauriana. Arbitre akapiga filimbi, na mbele hata Mbrazili hajainua mguu, namba 2 wa Zaire akatoka mbio katika ukuta, akaupiga mpira kwa nguvu zake zote mpaka mbali. Wabrazili wakabaki midomo wazi. Wengine wakacheka. Arbitre, Mromania aliyeitwa Rainea, akamwonyesha Mwepu kadi ya njano.

Kitendo hicho kilidumu sekunde chache, na kikala maisha mazima ya mtu. Ulaya walikionyesha tena na tena ku televizio, mwaka kwa mwaka, katika vipindi vya kuchekesha. Mtangazaji wa Uingereza alisema ni ujinga wa Waafrika. Kwao Mwepu akawa mtu asiyejua sheria za mpira, mtu wa porini aliyeona mpira umewekwa chini akadhani ni wa kila mtu.

Tufikiri kidogo kama walimu. Mtu huyu alicheza kwa ekipe iliyofika fainali nne za Afrika mfululizo. Miezi mitatu tu mbele ya siku ile alikuwa ametwaa Kikombe cha Mataifa kule Cairo. Katika michezo hiyo yote alisimama katika ukuta mara ngapi? Hata mtoto wa quartier anayecheza na mpira wa makaratasi anajua kwamba coup franc ina mwenyewe. Kusema hakujua ni kusema kitu ambacho aliyekisema hakukipima.

Mwepu mwenyewe alieleza, miaka mingi baadaye, mbele ya waandishi wa habari. Alieleza kwa njia mbili, na sisi tunazipokea zote mbili. Mara moja alisema alifanya kwa makusudi, alijua sheria vizuri, lakini hakuona sababu ya kuendelea kuumia wakati wale watakaokula pesa wamekaa wakitazama. Mara nyingine alisema kwamba kisha yale 9-0 watu wa rais walifika kwa hoteli, wakafunga milango, wakawaambia kwamba kama Brazili itawafunga zaidi ya matatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Basi alikuwa akipoteza dakika, na alikuwa akiogopa. Wengine wanasema maelezo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kwa nini? Mtu anaweza kuwa na hasira na hofu katika kifua kimoja. Sisi tuliokulia chini ya utawala ule, hata kama 1974 hatukuwa tumezaliwa, tunajua namna wazazi wetu walikuwa wakicheza dansi ya chama huku wakitukana moyoni.

Walirudi. Brazili walikuwa wamefunga matatu, si manne. Hakuna aliyeuawa, walisahauliwa tu. Ile ekipe haikuitwa tena kama zamani, na ahadi nyingi zikapotea. Tena wakati wa nguvu zao rais hakutaka wachezaji watoke kwenda kucheza Ulaya, kwa hiyo hawakuweza kujitafutia. Ndiyo maana Mwepu alibaki mtu wa ekipe moja. Leo tunaona ni uaminifu mkubwa, na ulikuwa uaminifu. Lakini mlango nao ulikuwa umefungwa.

Habari ya kifo chake ilipofika hapa Mei 2015, ilipita kwanza ku redio, kisha ku simu. Na hapo njo tuliona desturi ikigawanyika pande mbili. Vijana walitafuta jina lake ku simu, na simu ikawapa kitu kimoja: ule mpira wa Brazili. Wakatazama, wakacheka. Wazee wakasikia kicheko. Katika kikundi kimoja cha wapenzi waliokaa jioni ile mu Kamalondo, mzee mmoja aliinuka na fimbo yake, akasema, “Weye mutoto, unachekelea nini? Ule muzee balimutisha kufa, njo sababu alipiga ule mupira!” Kijana akajibu kwa heshima, “Papa, atuna tunajua? Kwani nani alitwambia?” Wazee hawakuwa na jibu tayari. Kisha mmoja akaanza kupanga ekipe. Kazadi golini. Mwepu kuume. Wakaendelea mpaka usiku, na vijana wakauliza maswali, na mmoja wao akaandika majina katika daftari la shule.

Swali la kijana lina uzito. Nani alitwambia? Ku shule, programu ya historia inafika kwa uhuru na wakubwa wa siasa, mpira haumo. Ku vilabu, karatasi za michezo ya zamani zilipotea, picha zikaliwa na mchwa au zikachukuliwa na wageni ambao hawakuzirudisha. Filamu zilizobaki ziko Ulaya, na Ulaya wanachagua sekunde wanazotaka. Kwa hiyo mahali pekee ambapo mchezaji anapata haki yake ni karibu na moto wa kilio, kinywani mwa watu wenye miaka sabini. Wao nao wanakwisha.

Tuongeze habari ya Ndaye, ijapo alikuwa mtu wa Vita na si wetu, juu inaonyesha hatari ya kuomboleza kwa mbali. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kwenye Kikombe cha Mataifa, akapewa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha waliodhani amerudi na pesa walimvamia, wakamjeruhi mguu kwa risasi, na mtoto wake akauawa. Akakimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, stadi nzima ilisimama kimya dakika moja kumkumbuka: ilisemekana amekufa katika machimbo ya almasi ya Angola. Alikuwa mzima, anatafuta riziki ugenini. Kwetu kumlilia mtu asiyekufa ni jambo zito. Inafaa afanyiwe matengenezo, aitwe tena kwa jina lake, wazee wamtemee mate ya baraka. Ndaye hakupata matengenezo hayo mapema. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019 kule Johannesburg, miaka karibu minne kisha Mwepu, mwenzake aliyepiga lile teke.

Msomaji wa Lupopo atauliza kama kilio hiki kinamhusu. Kinamhusu sana. Saint-Éloi Lupopo nayo ilizaliwa 1939, ekipe ya watu wa reli, na Jumapili ya derby mji unagawanyika mpaka ndani ya nyumba, mume upande huu, bibi upande ule. Lakini mchezaji wa zamani wa upande mmoja akifa, wa upande wa pili wanafika ku kilio. Wanafika na matusi ya mchezo. “Tumekuja kuhakikisha amekufa kweli, juu alikuwa akitusumbua.” Watu wanacheka, wanawapa kiti. Mtu ambaye hakulelewa hapa anaweza kudhani ni ugomvi, kumbe ni kazi ya wale wajukuu wa zamani waliocheza mbele ya maiti. Katika mji huu wenye watu wa makabila yote, ambapo mwaka 1992 na 1993 majirani waligeuzwa maadui na wengi wakafukuzwa wakipanda matreni kwenda Kasai, jambo hili si dogo. Ku kilio cha mchezaji hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa kabila gani. Wanauliza alicheza namba gani.

Mwaka huohuo wa 2015, tarehe 8 Novemba, miezi sita kamili baada ya kifo cha Mwepu, Mazembe ilipiga USM Alger 2-0 hapa Lubumbashi, ikatwaa kikombe cha mabingwa kwa mara ya tano. Furaha ilijaza mji mpaka asubuhi. Katika vijana walioimba barabarani usiku ule, wengi waliimba majina ya wachezaji wa siku ile, na haki yao. Lakini karibu na stadi ya Kamalondo kulikuwa kikundi kidogo cha wazee waliosimama pembeni, wamevaa majezi yaliyopauka, wanapanga ekipe yao. Walikuwa wamefika kwa namba 2.